SIKU 21 ZA KUKU, SIKU 28 ZA MAMA

Kina mama, ninaandika kutoka huku kwetu Tandahimba, juu ya uwanda wa Wamakonde. Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya mayai ya kuatamia na malezi ya vifaranga. Huenda utajiuliza, nesi na kuku wapi na wapi? Tafadhali soma hadi mwisho, kwa maana somo hili mimi nililipata kwa aibu, tena mahali pangu pa kazi.

Miaka michache iliyopita binti yangu wa mwisho alikuwa darasa la saba, nasi tulikuwa na matumaini kwamba mwezi wa Januari angeingia kidato cha kwanza. Wenzangu wa Newala na Masasi mnajua mambo yetu. Fedha ya nyumba nyingi hutegemea korosho. Minada huanza Oktoba, malipo hufika siku yanapofika, na wakati ule, kabla hujashika shilingi, deni la salfa lilikuwa likikungoja mlangoni. Nikaona nisikae tu nikisubiri. Nina mitetea yangu, basi nitotoe kuku wengi kwa mpigo, na ifikapo Januari niwe na majogoo ya kuuza.

Nikaanza kukusanya mayai. Kwa muda wa wiki tatu hakuna yai lililoliwa nyumbani kwangu. Mjukuu wangu ninayeishi naye pamoja na mama yake alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Kila asubuhi alinifuata jikoni, akanyosha kidole kwenye kikapu na kusema, "Bibi, yai." Nami nilimjibu, "Hayo ni ya kuku, mjukuu wangu." Akanywa uji mweupe wa muhogo, akaenda kucheza.

Niliwalalisha kuku watatu kwa mayai 38. Walitotoa vifaranga 27. Nilifurahi, nikawaita majirani waje kuona, kisha nikawaacha mama zao watoke nao uani kama tulivyozoea tangu enzi za bibi zetu. Ulikuwa mwezi wa Julai, na ninyi mnajua upepo wa Julai huku juu uwandani. Wengine walikufa kwa baridi usiku, wengine walichukuliwa na mwewe mchana, watatu walizama katika sufuria ya maji ya kuku wakubwa. Wiki ya tatu ilipokwisha walikuwa wamebaki sita. Mwezi wa Oktoba ukapita mdondo, wakabaki wawili.

Katikati ya mambo hayo ikafika siku ya kliniki ya watoto. Binti yangu mkubwa akamleta mwanawe kama kina mama wengine. Mwenzangu wa zamu akampima, akaweka nukta katika kadi, kisha akaniita pembeni kwa sauti ya chini, "Dada, mstari wa huyu mtoto haujapanda tangu mwezi wa Juni. Nyumbani kwenu mnampa nini?" Nilikosa jibu. Asubuhi ile ile nilikuwa nimesimama mbele ya kina mama waliojaa barazani, nikawafundisha faida ya yai kwa mtoto mdogo.

Baadaye, wale kuku wawili walipokuwa ndio waliosalia, nilikaa nikafanya hesabu. Mayai 38 yaliingia kiotani na kuku 2 wakatoka. Mayai 36 yalipotea bure. Kama mjukuu wangu angelipewa yai moja kila baada ya siku moja, mayai hayo yangelimtosha kwa zaidi ya miezi miwili. Ndipo nilipoelewa kwamba kila kifaranga anayekufa ni yai lililoondolewa katika sahani ya mtoto. Mama anayetotoa bila kulea huwanyima watoto wake mara mbili, kwanza yai lenyewe, kisha fedha ya kuku.

Sisemi tuache kutotoa, la hasha. Nasema tutotoe kwa kiasi tunachoweza kulea. Kuku hutoa siku zake 21 za kuatamia, tena hutoa kwa uaminifu, bila kula vizuri wala kulala vizuri. Baada ya hapo ni zamu yetu kutoa siku 28.

Gawanya mayai kwanza

Kuku wa kienyeji hutaga mayai 12 hadi 15 hivi, halafu hutaka kuatamia. Yai lililokaa muda mrefu halitotoi vizuri. Likiwa na siku saba ni zuri, likifika siku kumi bado lafaa, lakini likizidi wiki mbili usilitegemee. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, maana niliweka kiotani hata mayai ya wiki tatu.

Basi mgawanyo wajileta wenyewe. Mayai ya mwanzo ni ya watoto, mayai ya mwisho ni ya kiota. Kila siku toa yai uliloliona, ukiacha moja au mawili ya zamani yenye alama ya mkaa ili kuku asihame kiota. Anapokaribia kuatamia, chagua mayai 8 hadi 10 yaliyo mapya, yenye ukubwa wa kati, umbo zuri, na ganda lisilo na ufa. Yahifadhi mahali penye kivuli na ubaridi, ncha nyembamba ikitazama chini. Usiyaoshe, kwa sababu ganda lina utando wa asili unaozuia vijidudu kupenya, nao huondoka kwa maji. Yai lenye kinyesi kingi lipeleke jikoni, lakini lipikwe hadi liive kabisa. Kumbuka pia kwamba pasipo jogoo hapana kifaranga. Jogoo mmoja huwatosha mitetea kumi.

Kuhusu watoto, mnajua tunavyosema kliniki. Miezi sita ya mwanzo ni maziwa ya mama peke yake. Baada ya hapo yai lililoiva vizuri na kupondwa lafaa sana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linashauri mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate kila siku chakula kitokanacho na wanyama, kama vile samaki, nyama au mayai. Wapo wanaowaambia wajawazito kwamba wakila mayai watazaa mtoto asiye na nywele. Mimi nimepokea watoto wengi mikononi mwangu, wenye nywele na wenye vipara, na mayai hayakuhusika hata kidogo.

Siku 21 za kuku

Kiota kiwe mahali penye giza kidogo, pasipopita watu wala mbwa. Chukua kikapu kizee au chungu kilichovunjika mdomo, weka mchanga kidogo chini, kisha nyasi kavu. Nyunyiza majivu na majani makavu ya mwarobaini ili kupunguza utitiri, maana kuku mwenye utitiri huacha mayai yakapoa. Kiota kiwe safi tangu mwanzo. Nitaeleza sababu muda si mrefu.

Ukiwa na mitetea wawili au watatu, ni vizuri watotoe siku moja ili vifaranga walelewe pamoja. Aliyetangulia kuatamia mwache juu ya yai moja au mawili yasiyo na kazi hadi mwenzake naye alale. Usimsubirishe zaidi ya siku chache. Jioni moja, giza likishaingia, wawekee wote mayai mazuri kwa pamoja. Weka maji na chakula karibu, kwa kuwa kuku huinuka mara moja tu kwa siku, kwa dakika kama ishirini.

Bata wetu hawa wa nyumbani wanaweza kuazimwa pia. Bata huatamia mayai yake kwa siku 35, kwa hiyo siku 21 za mayai ya kuku hazimchoshi, na mwili wake mkubwa hufunika mayai mengi. Wakishatotolewa, wachukue vifaranga umpe kuku mwenye watoto wa umri huo, au uwalee wewe.

Siku ya saba usiku, chukua tochi, hata ya simu, uweke yai mbele ya mwanga gizani. Yai lenye uhai huonyesha mishipa myekundu iliyotawanyika kama miguu ya buibui. Yai jeupe tupu halikurutubishwa. Lenye weusi unaochezacheza au pete ya damu limekufa. Ondoa yote yasiyo na uhai, usimpe mtoto wala usiyauze, yafukie shimoni. Mayai viza yakipasuka kiotani huwachafua wenzake.

Siku ya 20 au 21 utasikia sauti ndani ya ganda. Wengi wetu huingiwa na huruma tukataka kusaidia kubandua. Usifanye hivyo. Kifaranga aweza kuchukua muda wa siku nzima tangu kutoboa hadi kutoka, na ukimvuta kabla ya wakati mishipa ya utando hutoa damu. Kiini cha yai kilichosalia huingia tumboni mwake karibu na kutotolewa, nacho humlisha siku mbili za mwanzo, kwa hiyo usihangaike kumlisha saa ile ile. Mahali kiini kilipoingilia ndipo kitovu chake, nacho hubaki kibichi kwa muda. Kiota kichafu huingiza vijidudu hapo, na kifaranga huvimba tumbo akafa siku ya tatu au ya nne. Ninyi mliojifungua mnakumbuka tunavyosisitiza usafi wa kitovu cha mtoto. Sababu ni ile ile.

Je, nunue mashine?

Siku hizi mashine ndogo za kutotolea zinauzwa hata huku kusini. Sizipingi. Kutotoa bila kuku si jambo geni duniani. Wamisri tangu zamani za kale wametotoa mayai kwa maelfu katika matanuri ya udongo, na watunzaji wake walipima joto kwa kuligusisha yai kwenye kope la jicho. Lakini ile ilikuwa kazi ya urithi, baba alimfundisha mwana.

Mashine yenye feni yataka joto la nyuzi 37.5 usiku na mchana, na mayai yageuzwe angalau mara tatu kila siku hadi siku ya 18, ili kiini kinachokua kisigande kwenye ganda. Unyevu nao hauna budi kuongezwa siku tatu za mwisho. Umeme ukikatika kwa saa chache, ifunike mashine kwa blanketi, wala usiifungue. Ukikatika mchana kutwa na usiku kucha, hasara ni yako. Tena, mashine hutoa vifaranga hamsini wasio na mama. Kama hujaweza kulea kumi, hao hamsini utawafanyaje? Ushauri wangu ni huu: mashine iwe ya mwisho kununuliwa, baada ya kuthibitisha kwamba nyumbani kwako vifaranga wanaishi.

Siku 28 za mama: joto

Sisi wahudumu wa afya tunahesabu siku 28 za kwanza za mtoto kuwa kipindi cha hatari kuliko vyote. Kwa kifaranga ni vivyo hivyo. Manyoya yake ya mwanzo ni laini tu, na mwili wake bado hauwezi kujitunzia joto. Ni kama mtoto njiti. Mwaka 1978 huko Bogotá, nchini Kolombia, Daktari Edgar Rey alianza kuwalaza watoto njiti kifuani mwa mama zao, kwa sababu mashine za joto hazikutosha. Leo hata hapa Tanzania tunaifanya huduma hiyo, tunaiita kangaruu. Kuku yeye alizaliwa akiijua. Bwana wetu mwenyewe alipoulilia Yerusalemu alitumia mfano wa kuku anayewakusanya vifaranga chini ya mbawa zake.

Njia rahisi, kwa hiyo, ni kumwachia kuku kazi ya joto, wewe ukashika kazi ya ulinzi na chakula. Usimwache azurure nao. Mfungie yeye na vifaranga katika banda dogo kavu lisilopitisha upepo wa chini, na mchana wafunikie tenga uani ili mwewe asiwafikie. Usiku warudishe ndani. Mwaga majivu kuzunguka banda kwa ajili ya siafu, na ziba kila tundu linalotosha kicheche kupenya, maana kicheche hahitaji mlango mpana.

Njia ya pili ni kuwalea bila kuku, hasa ukiwa na vifaranga wengi wa siku moja. Hapo kuku naye hupumzika, akarudi kutaga mapema. Zungushia mkeka au maboksi yaliyokunjuliwa upate duara. Nasema duara, kwa sababu penye kona vifaranga hurundikana wakakosa pumzi. Ndani tandika maranda makavu ya fundi seremala au nyasi zilizokatwakatwa. Usitandike gazeti au nailoni peke yake, miguu yao huteleza ikapinda. Na usitumie kamwe maboksi wala mifuko iliyobeba salfa au dawa za mikorosho.

Wiki ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35. Kila wiki punguza nyuzi tatu hivi. Huna kipimajoto? Watazame wenyewe. Wakijikunyata pamoja na kulia, wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni huku wamefungua midomo, joto limezidi. Wakisukumana upande mmoja, upepo unaingia upande wa pili. Wakitawanyika wakila na kulala kwa raha, umepatia.

Joto laweza kutoka katika taa ya chemli, chungu chenye makaa yaliyofunikwa kwa majivu, au dumu la maji ya moto lililovikwa khanga kuukuu. Lakini hapa niwaombe, kina mama, kwa nguvu zangu zote. Usiweke jiko la mkaa wala chungu cha makaa katika chumba wanacholala watu, hata kama ni kwa ajili ya vifaranga. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu hulala na haamki.

Kama mkaa na mafuta ya taa ni ghali, fanya kama walivyofundishwa wafugaji wengi wa Ethiopia. Chukua boksi au kikapu kikubwa, jaza nyasi kavu pembeni pote na chini, ukiacha nafasi ya katikati kama bakuli. Jioni waweke vifaranga humo, funika kwa kitambaa cha pamba kinachopitisha hewa. Joto la miili yao wenyewe hubaki ndani. Mchana watoke kula juani penye kinga. Wawe kumi na tano au zaidi ndipo joto litoshe, na nyasi zibadilishwe zikilowa.

Maji na chakula

Kwetu uwandani maji ni shida, na mama anayelipia ndoo hufikiri vifaranga watammalizia. Hapana. Vifaranga ishirini katika wiki ya kwanza hawanywi hata lita moja kwa siku. Wape maji safi, asubuhi na jioni, katika kisahani kisicho na kina chenye vijiwe ndani, ili wasizame. Siku ya kwanza waweza kutia sukari kidogo kuwapa nguvu.

Chenga za mahindi peke yake haziwakuzi. Kifaranga anahitaji vyakula vya kujenga mwili kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Ukipata chakula cha vifaranga cha dukani, vema. Usipopata, changanya hivi kwa kilo 10: mahindi au mtama uliosagwa kwa ukubwa wa chenga, kilo 5, pumba za mahindi, kilo 2, mashudu ya ufuta, kilo 2, dagaa waliosagwa, kilo 1. Ongeza gramu 100 za chokaa ya mifugo na kijiko kimoja cha chakula cha chumvi, isipokuwa kama dagaa wana chumvi tayari. Kiasi hicho huwatosha vifaranga 20 hivi kwa zile siku 28. Mchwa na mboga za majani zilizokatwa ni nyongeza nzuri. Mahindi au mashudu yenye ukungu usiwape, kwa kuwa sumukuvu huua vifaranga upesi. Wala usile wewe na watoto wako.

Chanjo kabla ya kilio

Mdondo, wengine huuita kideri, hauna dawa. Kuku akishaanza kupinda shingo na kuharisha kijani, hakuna majivu wala pilipili itakayomponya. Kinga pekee ya kutegemea ni chanjo. Ipo chanjo ya I-2 inayotengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, nayo huuzwa kwa jina la TEMEVAC. Huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, na hutiwa tone moja tu katika jicho moja, awe kifaranga au jogoo. Anza wiki ya kwanza, rudia baada ya wiki nne, kisha kila baada ya miezi mitatu. Usisahau kuku wakubwa, na usichanje aliyekwisha kuugua ukadhani umemtibu.

Kichupa kimoja kina matone mengi kuliko kuku wa nyumba moja, nacho kikifunguliwa kitumike siku hiyo hiyo. Ndiyo maana katika kikundi chetu cha kina mama kanisani tunachangia kichupa, tunaafikiana siku moja, na alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa tunapita nyumba kwa nyumba, Wakristo na Waislamu, bila kuruka hata moja. Mdondo hauulizi mtu anasali wapi. Ukiacha nyumba moja katikati, umeacha mlango wazi. Kwa chanjo ya ndui na ya gumboro, muulize ofisa mifugo wa kata yako wakati ufaao.

Vifaranga wakiharisha damu, mara nyingi chanzo ni matandiko yaliyolowa. Badilisha matandiko, kisha tafuta ushauri na dawa katika duka la mifugo. Nasikitika kusema kwamba baadhi yenu huja zahanati kuomba tetrasaiklini za kuwawekea kuku katika maji. Tafadhali msifanye hivyo. Dawa ikitumika ovyo, vijidudu huizoea, na siku utakapoihitaji kwa ajili ya mwanao haitafanya kazi.

Watoto na vifaranga

Watoto hupenda vifaranga, nao huwabusu na kuwaweka shingoni. Lakini kinyesi cha kuku hubeba vijidudu vya kuharisha, hata kama kuku mwenyewe anaonekana mzima. Vifaranga wasilale chumba kimoja na watoto. Mtoto anayetambaa asitambae walipo kuku. Kila ashikaye kifaranga, mkubwa kwa mdogo, anawe mikono kwa sabuni. Haitakuwa na maana kumpa mtoto yai kwa mkono wa kuume na kumpa kuharisha kwa mkono wa kushoto.

Hesabu ya pili

Mwaka uliofuata nilianza upya. Safari hii nilizungumza kwanza na mume wangu. Tulikubaliana mambo mawili: hakuna kuku atakayeuzwa au kuchinjwa bila sisi wawili kujua, na mjukuu wetu atakula yai siku tatu kwa wiki kabla hatujahesabu ya kiota. Mume wangu alinijengea banda dogo kwa mianzi na udongo, akaziba matundu yote mwenyewe.

Nililalisha kuku wawili tu, kwa mayai 20. Walitotoa 17. Kifaranga mmoja alikufa siku ya pili, mmoja alikanyagwa na mama yake, na mmoja kicheche alimchukua usiku ambao binti yangu alisahau kufunga mlango. Waliofika siku ya 28 walikuwa 14, na wote walipata chanjo. Hao 14 walitokana na mayai 20, nami nilikuwa nimepata 2 kutokana na 38.

Sitawadanganya kwamba kuku walitulipia kila kitu. Majogoo sita tuliyouza yalinunua sare, viatu na madaftari ya binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa anaingia kidato cha pili na viatu vyake vya mwaka wa kwanza vilikwisha kuachia. Godoro lilisubiri korosho. Lakini kadi ya mjukuu wangu ilianza kupanda tena, na mwenzangu wa zamu hakuwa na haja ya kuniita pembeni.

Mama mpendwa, kabla hujamlalisha kuku wako mwezi huu, jiulize maswali matatu. Mtoto wangu amekula yai wiki hii? Vifaranga watakapotoka, watalala wapi usiku wa kwanza? Na chanjo, nitachangia na nani? Ukiwa na majibu, weka mayai kumi kiotani kwa moyo mkunjufu. Ukiwa huna, yachemshe, uwaite watoto.

Tukutane tena mwezi ujao, Mungu akipenda.